Gumzo la kikundi cha mtaa, Nakuru: Tumkumbuke Joginder Singh

Kijana wa Boda: Watu wa mtaa habari za jioni. Naona watu wanatuma picha ya mzee mmoja wa kilemba amesimama kando ya gari ya kitambo, wanasema leo ndio siku alifariki. Joginder Singh. Fundi, si huyu ndio huwa unamtaja kila saa pale gereji?

Fundi: Ndiye. Alituacha 20 Oktoba 2013 huko London, alikuwa na miaka 81. Asante sana kijana wangu kwa kumkumbuka

Mama Duka: Mungu amlaze pema. Si huyo walikuwa wanamwita Simba?

Fundi: Huyo huyo Mama. Na ni mtu wa hapa juu tu, amezaliwa Kericho 1932. Watu wanajua alishinda Safari Rally, yale mashindano makubwa ya magari ya hapa kwetu, lakini mimi nataka watoto wetu wajue alianzia wapi, huyu alikuwa fundi, mikono ya grisi kama yangu, 1958 akaajiriwa na kile chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kazi yake ni kuzunguka barabarani kusaidia watu wameharibikiwa, sasa wewe fikiria mtu ambaye kila siku anaona gari zimekufa wapi na zimekufa kwa nini, akiingia mashindano anajua tayari ni nini itavunjika kabla haijavunjika

Kijana wa Boda: Hapo sasa nimekuelewa

Mwalimu: Naongezea kidogo Fundi kwa ruhusa yako. Safari yenyewe ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikaitwa Coronation Safari, ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya kwanza washindi walikuwa karibu wote wazungu wa hapa, na wengi hawakuwa madereva wa kulipwa, ni watu wa klabu, wana mashamba, wana biashara zao, Pasaka ikifika wanatoa gari ya nyumbani wanaenda mbio. Ndio maana ile ya 1965 Joginder aliposhinda ilikuwa kitu kikubwa, Muhindi, fundi, kwa gari yake, na kando yake ameketi ndugu yake Jaswant

Mama Duka: Ndugu wawili kwa gari moja 😊 na hawakugombana njiani

Mwanafunzi wa Egerton: Ilikuwa gari gani Mwalimu

Fundi: Wacha nijibu hiyo ni yangu. Volvo PV544. Hebu angalia hiyo picha vizuri, gari ya milango miwili, mgongo umebinuka kama kobe. Injini lita 1.8, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Na haikuwa mpya! Ilishatumika kwa mashindano kabla yake, yaani mtumba. Hata hiyo modeli yenyewe Volvo waliacha kuitengeneza mwaka huohuo wa 1965. Kampuni kubwa zilikuwa zinaleta gari mpya na mafundi wao kutoka ng'ambo, na huyu anakuja na mtumba aliyoifungua na kuifunga mwenyewe mpaka anaijua nati kwa nati, na akawapiga. Karibu kilomita 5,000 za barabara ya vumbi na matope. Mimi kila nikifikiria hiyo kitu nasikia vizuri moyoni, siwezi kuficha

Shosh: Hamjambo wajukuu. Nimewasoma nikasema na mimi niongee. Hiyo ya 1965 siikumbuki vizuri lakini ile ya 1974 naikumbuka sana kwa sababu ya mvua. Tulikuwa kule upande wa Molo, ni Pasaka, tumetoka kanisani na nguo zetu nyeupe, tukaenda kusimama juu ya kile kilima tukingoja gari. Kwanza unaona taa kwa mbali kwenye ukungu, zile taa nyingi mbele, halafu zinapotea bondeni, halafu unaisikia inapanda, na ile imefika mawe yanapiga mabati ya duka pale kona pa pa pa na sisi wote tumejaa matope mpaka usoni. Mama yangu alinichapa kwa ajili ya hiyo nguo lakini gari ikifuata nilikuwa pale tena

Kijana wa Boda: 😂😂 Shosh!!

Mwenyekiti: Shosh hii ungetuambia zamani. Kwa hivyo ulimwona Joginder mwenyewe?

Shosh: Tulikuwa tunapiga kelele Simba Simba kwa kila gari iko na mtu wa kilemba. Alipita, gari ilikuwa ndogo, sio zile kubwa

Fundi: Hiyo ilikuwa Mitsubishi Lancer ya 1600 Shosh, na navigeta wake, yule wa kumsomea njia, David Doig. Mvua ya mwaka huo ilikuwa mbaya, udongo mweusi ukishanyeshewa gurudumu linazunguka tu gari haiendi, navigeta anashuka anasimama juu ya bampa ya nyuma anarukaruka ndio tairi zishike. Wa pili alimaliza yule dereva Mswidi Waldegård na Porsche, hebu fikiria Porsche! Na huo ndio ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Mitsubishi kwa mashindano ya dunia. 1976 wakarudi na Doig wakashinda tena, na Mitsubishi wakachukua namba moja, mbili na tatu

Mwanafunzi wa Egerton: Na heshima zote Fundi lakini Shekhar Mehta si alishinda mara 5? 1973, halafu 1979 mpaka 1982 mfululizo. Huyo ndio nambari moja, hesabu hazidanganyi

Mwalimu: Hapo kijana ana hoja. Rekodi ni ya Mehta

Fundi: Rekodi ni ya Mehta sikatai, na yeye pia alikuwa wetu, mzaliwa wa Uganda, tulimlilia 2006. Lakini wa kwanza kufikisha ushindi mara 3 ni Joginder. Na kuna hesabu nyingine mnaisahau, aliingia Safari mara 22 akamaliza 19. Kumi na tisa! Mwaka wa 1963 zilianza gari 84 zikamaliza 7, 1968 tena zikamaliza 7, hizo ndizo barabara tunaongelea. Kukimbia haraka wengi walijua, lakini kuileta gari nyumbani usiku wa tatu, shoki zimechoka, hujalala, mbele kuna lori la mtu wa kawaida limesimama katikati bila taa kwa sababu barabara hazikuwa zinafungwa siku hizo, hiyo inataka mtu anasikiliza gari. Ukisikia klachi inaanza kunuka unapunguza, ukisikia springi imelia unajua jiwe linalofuata ndilo litaivunja. Mimi vijana wote walipita gereji yangu niliwafundisha hivyo, zima redio, sikiliza

Mama Duka: Ndio maana bwanangu hakuwashi redio kwa pikapu mpaka leo, ni wewe ulimfundisha

Fundi: Na hiyo pikapu iko barabarani bado ama haiko?

Mama Duka: Iko 🙏🏾

Mwenyekiti: Mimi kinachoniuma ni kwamba watoto wetu kila mwaka wanaenda Naivasha tangu mashindano ya dunia yarudi 2021, madereva wa ng'ambo wanawajua, Ogier, Rovanperä, ukiwauliza Joginder wanakuangalia tu. Na mzee ni wa Kericho hapa

Mwalimu: Nitaiweka kwa somo la wiki ijayo, darasa la saba. Shosh utakubali kuja kuwaeleza ile ya matope?

Shosh: Nitakuja. Mniletee kiti cha mgongo

Kijana wa Boda: Fundi swali la mwisho usinicheke. Mimi niko na ile Datsun 1200 ya marehemu babu, injini inawaka. Mtu kama mimi anaweza kuanza hii kitu ama ni ya matajiri

Fundi: Siwezi kukucheka. Usianze na rali, hiyo pesa itakumaliza. Anza na autokrosi za klabu, ni uwanja wa vumbi, mizunguko michache, unashindana na saa. Unajiunga na klabu, unachukua leseni, unatafuta helmeti nzuri na mkanda wa kweli, na ile fremu ya chuma ya ndani gari ikipinduka isikulalie. Hiyo ya mwisho usimpe fundi yeyote wa kulehemu bure bure. Na kabla ya yote nataka kuona chini ya hiyo Datsun, kutu ikiwa imekula chesisi nitakwambia ukweli hata kama ni ya babu

Kijana wa Boda: Jumamosi nikuletee?

Fundi: Leta saa mbili asubuhi. Ioshe chini kwanza, siwezi kuangalia matope