Nimehamia Tanga: samaki nile wapi, bia ninywe wapi?

Ngosha_wa_Pwani

Wakuu habari za jioni. Nimehamishiwa Tanga kikazi nikitokea Mwanza, mambo ya hili bomba la mafuta linaloishia Chongoleani. Nimepanga chumba Chumbageni, familia bado iko kule, na kupika peke yangu siwezi. Naomba wanaoujua mji waniambie ukweli: mchana nile wapi, na jioni nikae wapi na bia zangu mbili tatu bila spika kunipigia masikioni.

Samaki ndiye chakula changu, ila nimezoea sato na sangara. Hawa wa maji chumvi hata majina siwajui. Juzi niliingia sehemu moja, viti vya maana, taa za rangi, nikaletewa samaki mkavu, anatafunika nyuzi nyuzi, na bei yake nikashtuka. Jina sitaji. Mimi si mtu wa mahoteli makubwa, bajeti ya kawaida tu. Naomba kuwasilisha.

Kange_Stendi

Karibu Tanga mkuu. Hapa watu wanalala mapema, ikifika saa nne usiku una chipsi mayai na mishkaki ya barabarani, vingine utasimuliwa. Upepo uko Raskazone. Ngoja waje wenye mji.

FundiFriza

Mkuu karibu. Mimi ni fundi wa friji na friza, wateja wangu ni baa, migahawa na wauza samaki. Huwa naingia kwa mlango wa jikoni, ndio maana vya mbele havinibabaishi. Majina sitataja, mazuri wala mabaya, hawa ndio wanaonilipa. Nitakueleza jinsi ya kuchagua.

Kabla ya kuuliza mgahawa, uliza bahari ikoje. Kusi ikivuma, miezi ile ya katikati ya mwaka, vyombo vidogo vingi havitoki. Ukiona siku ya upepo mkali mtu anakuwekea changu wa sinia nzima, huyo katoka kwenye friza. Si kosa. Samaki aliyegandishwa vizuri analiwa na utamsifu. Kosa ni yule aliyegandishwa, umeme ukakatika usiku, akayeyuka, asubuhi akagandishwa tena. Nyama yake inatoa maji yote kwenye kikaango, unabaki na nyuzi. Nadhani ndiye uliyeletewa juzi.

Nikiitwa kutengeneza friza, naangalia mpira wa mlango, halafu naangalia chini kabisa. Nikikuta barafu nyekundu imeshikana sakafuni, maji ya damu yaliyoganda, najua lile friza lilizima likawaka, pengine zaidi ya mara moja. Hapo natengeneza, nachukua hela yangu, nakwenda kula kwingine. Wewe hawatakuruhusu kuchungulia friza la mtu, basi omba kuchagua samaki kabla hajaingia jikoni. Sehemu inayojiamini watakuletea wabichi kwenye sinia. Macho yawe maangavu, matamvua mekundu, ukibonyeza ubavu nyama irudi. Wakikwambia "wote tumeshawakolezea viungo", agiza maharage ya nazi.

Majina sasa. Changu ndiye wa kuanzia, kaanga au mpake nazi. Tasi ana harufu ya mwani, wageni wengi wanamkataa, mimi namtafuta. Kibua ni wa bei ya chini na ana mafuta, mchome. Nguru ni wa vipande na mchuzi, usikubali akaangwe hadi awe ubao. Pweza yeye anafuata mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali, miamba inabaki wazi na watu wanashuka kumsaka. Jioni za siku hizo ndio usimame kwenye zile meza ndogo za mtaani, upewe vipande na chumvi na pilipili, juu yake kikombe cha supu. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, pweza utampata pia, ila muulize muuzaji kamtoa wapi.

Mchana shuka Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Tafuta mama mwenye masufuria matatu na foleni ya mafundi na waendesha bodaboda. Hana friza, kwa hiyo hana pa kuficha cha jana. Ila fika kabla ya saa saba. Saa nane unagombea ukoko.

Bint_Makorora

Fundi, shikamoo, lakini hapo mwisho umewatakasa mno. Kukosa friza hakumzuii mtu kupasha maharage ya jana, na mchuzi wa nazi uliolala unachacha upesi kuliko huyo samaki wako. Mimi huangalia sufuria la wali: ukiona mvuke na nazi inanukia toka mlangoni, kaa. Wali baridi, mchuzi wa moto? Ondoka.

Kaka Ngosha, wifi na watoto wakija usiwapeleke kwenye hizo baa za viti vya plastiki. Jumapili jioni wapeleke Raskazone, bustani ya Mkonge Hotel iko juu ya bahari, watoto wanakimbia kwenye nyasi. Soda utailipia zaidi kidogo, unalipia ile nafasi. Mwanamke anakaa pale peke yake na kitabu chake, hakuna anayemsumbua. Kwenye baa nyingi za huku mjini siwezi kusema hivyo, na sijawahi kuona mwanamume anayesifia baa akaligusia hilo.

Halafu mmesahau asubuhi na Ramadhani! Asubuhi ni vitumbua, chapati, supu, au mtindi wa Tanga Fresh kama tumbo halitaki vita. Mwezi wa kufunga mchana meza nyingi hazipo, usizunguke na njaa ukilaumu mji. Subiri alasiri ikishapita, mitaa ya kwetu inajaa bajia, kachori, mihogo ya nazi na mkate wa kumimina. Asiyefunga ananunua kama wengine, beba ukale nyumbani kwako.

Ngosha_wa_Pwani

Dada nimekuelewa, na wifi yako atakushukuru. Fundi, bia hujanijibu. Nyama choma je?

FundiFriza

Bint, ya wali naikubali. Ya nazi pia, sina ubishi.

Mkuu, kwenye baa kuna jambo mgeni halioni. Baa nyingi mwenye kaunta anauza vinywaji tu. Jiko la nyama choma kakodisha kwa mtu, chipsi na kuku pengine ni wa mtu mwingine, na kitimoto, kama ipo, mara nyingi iko kando na banda lake na visu vyake. Kwa hiyo mtu akikwambia "baa fulani nyama yao ni hatari", muulize lini. Mchomaji akigombana na mwenye baa kuhusu kodi, anahama na mkaa wake, na wewe unabaki kwenye jina lilelile unatafuna kandambili. Mimi namfuata mchomaji. Hivi sasa ninayempenda yuko nyuma ya baa isiyo na hata kibao. Anachoma mbuzi taratibu, anageuza, hamwagii mafuta ili ang'ae. Nyama yake unaonyeshwa ikiwa imetundikwa, unaonyesha kwa kidole, anapima kilo mbele yako.

Bia nayo ina saa yake. Hawa wanaoagiza ya moto hawana shida, wala mimi hawanihitaji. Wewe wa baridi, jua kwamba friji ya kioo ikijazwa kreti saa kumi na moja jioni, saa moja usiku chupa bado ni vuguvugu, hasa mlango unavyofunguliwa kila dakika. Mwambie mhudumu akutolee za nyuma, safu ya mbele ndiyo iliyoingia mwisho. Na kaa mbali na spika mapema, kabla hawajawasha, maana likishaanza kupiga, ukihama ni kama umewatukana.

Malalamiko ya nyama usiyapeleke kaunta, watakuangalia tu. Bili ni mbili: ya jiko unamlipa mchomaji, ya vinywaji unamlipa mhudumu. Ya jiko ilipe nyama ikifika mezani, chenji uichukue hapohapo.

Kange_Stendi

Fundi, hiyo baa isiyo na kibao iko wapi?

FundiFriza

Njoo inbox. Nikiitaja hapa, Jumamosi nitakosa kiti.