Naomba ushauri: mama mdogo ana dalili za sonona, tumhamishe kutoka kijijini?

Wakuu, habari zenu. Mama mdogo anaishi peke yake kijijini. Majirani wamehama, nyumba zao zimebaki magofu, njia imeota majani mpaka kiunoni, giza likiingia anajifungia ndani. Chakula hali vizuri, usingizi hana, hata bustani yake kaitelekeza. Dalili zimeshapita wiki mbili, muda ambao madaktari huutumia kama kigezo cha kutambua sonona, kwa hiyo kituo cha afya tunampeleka, hilo halina mjadala.

Ndugu wanataka ahamie mjini. Mimi nasita, kumng'oa kwenye shamba lake, akakae chumbani kwa watu, si ndiyo upweke zaidi? Kuna aliyewahi kubadilisha mazingira ya mgonjwa hukohuko kijijini, kufyeka njia, kuweka taa, kumtafutia wa kupiga naye soga, akaona nafuu?