Gemu langu la kubofya: watu wanakwama mlangoni na hakuna anayecheka. Nibadilishe muziki?

Kijana wa Chumbageni: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza gemu la kubofya kwa AGS (Adventure Game Studio, programu ya kutengenezea magemu), vichekesho vya kipuuzi mwanzo mwisho, hadithi iko Mapango ya Amboni. Wote niliowapa kwenye simu wanakwama mlangoni, wanaacha. Nahisi muziki ni mzito. Niweke taarab?

Mwana Ngamiani: Taarab. Tumia OGG badala ya WAV, faili lisiwe zito.

bint_makorora: Muziki haumkwamishi mtu. Hapo mlangoni pana fumbo gani?

Kijana wa Chumbageni: La kawaida tu, dada.

bint_makorora: Litaje.

Kijana wa Chumbageni: Unamvalisha mbuzi kofia, mlinzi anampitisha bure.

bint_makorora: Mchezaji atajuaje?

Kijana wa Chumbageni: Zamani mlinzi alisema, "Mwenye ndevu na kofia ni mzee, hatozwi." Nikaufuta mstari huo, unaua mshtuko. Na aliyeingiza sauti keshalipwa, studio sirudi.

Babu Raskazone: Mbuzi ndiye mzee siku hizi? Adabu mmeiacha wapi?

bint_makorora: Utamu wote ulikuwa kwenye huo mstari! Ndevu mbuzi anazo, imebaki kofia. Mchezaji akiunganisha mwenyewe anacheka kabla hajabofya. Ukimficha kanuni anabahatisha tu. Gemu la Gabriel Knight 3 la 1999 linasemwa mpaka leo: unatengeneza masharubu kwa manyoya ya paka ili ujifanye mtu fulani ukodi pikipiki, na mtu huyo masharubu hana, inabidi umchoree kwenye pasipoti yake! Monkey Island ya 1990 ina kuku wa mpira mwenye kapi (gurudumu la kupitishia kamba) katikati. Upuuzi ule ule, ila kapi limetajwa kwenye jina, na ukiona kamba imevuka hadi kisiwani unajua pa kumning'iniza.

Fundi wa Mabawa: Na mchezaji akimpa mhusika kitu kisichofaa anajibiwaje?

Kijana wa Chumbageni: "Haiwezekani." Vitu 14, wahusika 9. Nani aandike mistari 126?

Fundi wa Mabawa: Mmoja kwa kila kitu, mmoja kwa kila mhusika: 23. Ongeza kama 10 kwa jozi za kitu na mhusika ambazo watu hujaribu kweli. Kwenye kodi kagua jozi kwanza, kisha mhusika, kisha kitu. Angalizo: mbuzi akishakuwa na function (kipande cha kodi) yake ya kupewa vitu, unhandled_event, ile ya majibu ya jumla, haijiiti tena hapo. Ukisahau else (jibu la vitu vingine vyote), mchezaji anapata kimya, anadhani gemu limeganda.

Mzuka wa Duga: Chai hii. AGS ni ya Windows, simu zimetoka wapi?

Fundi wa Mabawa: Toleo la 3.6 linatoa na Android. Ila kwenye simu jina la kitu halijitokezi kabla hujagusa, kwa hiyo kofia ichorwe ionekane waziwazi.

Mzuka wa Duga: Haya, mleta mada atupie picha ya huyo mbuzi.

Kijana wa Chumbageni: [picha]

Mzuka wa Duga: Huyo ni mbwa.

bint_makorora: Ndevu zirefushe. Maneno ya mlinzi yaandike kwenye kibao cha viingilio, hayahitaji sauti. Kisha mpe simu mtu asiyelijua gemu, usimsemeshe, andika kitu cha kwanza anachompa mbuzi.

Kijana wa Chumbageni: Wote wanampa majani.

Fundi wa Mabawa: Basi anzia hapo. Mbuzi akatae, aseme leo Jumatatu, amefunga sunna.

Babu Raskazone: Huyo sasa apite bure.