Naombeni ushauri: mtoto wa miaka 4 analia dakika 40 kwa sababu ya soksi

Mama Wawili
Habari zenu wakuu. Mwanangu ametimiza miaka 4. Kitu kidogo tu, nyumba nzima inawaka. Mshono wa soksi ukikaa vibaya vidoleni, anajitupa chini. Nikimfungulia kifuniko cha chupa ya maji, analia mpaka anakohoa. Nikikirudishia ili afungue mwenyewe, ndiyo nimechochea. Jana nilitazama saa: dakika 40. Nimebembeleza, nimefoka, nimenyamaza, wapi. Nifanyeje? Matusi hapana, tafadhali.

Kisiki
Fimbo mbili za miguu na soksi itavaliwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwalimu wa Awali
Kisiki, fimbo inamnyamazisha, haimtulizi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshika breki za hasira, kwa umri huo ndiyo kwanza inajengwa, na itaendelea kujengwa mpaka avuke miaka 20. Ukimpiga akiwa amepandisha, unaongeza hofu juu ya hasira, na kesho soksi ni ileile.

Dada, akiwa amepandisha usimfundishe chochote. Ondoa vinavyoweza kumuumiza, kaa chini macho yenu yalingane. Maneno yasizidi kumi: "Umekasirika. Soksi inakusumbua. Nipo hapa." Kisha nyamaza kweli. Wazazi wengi wanaharibu hapa kwa kuuliza "sasa unataka nini?" kila nusu dakika, na kila swali ni mzigo mpya kwa mtoto ambaye dakika hiyo hawezi kufikiri. Ukiona mabega yameshuka na pumzi zimerefuka, mpe chaguo mbili, tatu ni nyingi: hii au ile.

Kupumua mfundishe muda mwingine, akiwa anacheka. Anusa ua, azime mshumaa, mara tano, kila siku. Asipolizoea kwenye mchezo, hatalikumbuka kwenye kilio.

Nesi wa Zamu
Ngoja kwanza. Dakika 40 ni nyingi. Vilio vingi vya umri huu huisha ndani ya dakika 15. Anajigonga kichwa au kujing'ata? Kwa siku analala jumla ya saa ngapi? Miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Ilianza lini? Na mwishoni kinachomnyamazisha ni nini?

Mama Wawili
Hajiumizi. Analala kama saa 9, zamani alikuwa analala zaidi. Imeanza kama mwezi hivi. Kunyamaza, basi tu, anachoka.

Nesi wa Zamu
Anachoka, au anapewa kitu?

Mama Wawili
Sawa. Nampa simu aangalie katuni. Si kila mara, siku nyingine nakaza. Lakini ningefanyaje na kichanga kimelala chumba cha pili?

Jongoo
Kichanga kimetokea wapi tena?

Mama Wawili
Nimejifungua, hii wiki ya tano. Mkubwa tulimhamishia chumba chake wiki hiyohiyo, maana kitanda hakitutoshi. Sikuona kama linahusu. Halafu uamuzi nimeshaufanya: Jumamosi anaenda kwa bibi yake, akae miezi mitatu. Begi lipo tayari. Nilitaka mbinu za hizi siku chache tu.

Jongoo
Wadau, hii ni chai. Bandiko la kwanza mtoto mmoja, sasa wawili, kuna chumba kipya na begi la safari. Na mama mwenye kichanga anapata wapi muda wa kubandika saa 8 usiku?

Kisiki
Hata mimi nimeona. Tumepigwa.

Mama Wawili
Saa 8 usiku ndiyo nanyonyesha, Jongoo. Jina langu humu ni Mama Wawili. Sijatunga. Kuna jambo sikulisema kwa aibu: usiku anatoka chumbani kwake na hagongi. Saa 11 alfajiri nikifungua mlango namkuta sakafuni, shavu kwenye zulia la kufutia miguu, vidole vinne amevipenyeza chini ya mlango wangu.

Mwalimu wa Awali
Dada, basi soksi inabeba lawama za bure. Huyo mtoto kwa wiki moja amepoteza kitanda, usiku na mikono yako. Hawezi kusema hivyo, ila mshono wa soksi anaweza kuulilia. Na kwa bibi asiende sasa, nakuomba. Ataelewa kwamba mdogo wake amekuja na yeye ameondolewa, na atarudi na kilio kikubwa zaidi.

Weka godoro lake chumbani kwenu, hata sakafuni. Wiki mbili tatu zikipita, umrudishe chumbani kwake kwa hatua: unakaa pembeni ya kitanda mpaka alale, kila baada ya usiku tatu unasogeza kiti kuelekea mlangoni. Mchana, dakika 10 zake peke yake, saa ileile kila siku. Kichanga kishikwe na mtu mwingine, simu iwe mbali, mchezo achague yeye.

Nesi wa Zamu
Kuhusu simu, kinachokuumiza ni hiyo "si kila mara". Siku unayokaza dakika 30 kisha ukatoa, umemfundisha kwamba bei ni dakika 30. Simu isitolewe kwenye kilio kabisa. Katuni ziwe na muda wake, zisizidi saa moja kwa siku, na muda huo usihusiane na kulia au kutolia. Jiandae: siku za mwanzo kilio kitapanda kabla hakijashuka. Wengi wanakata tamaa siku ya tatu, na hapo ndipo mambo yanakuwa mabaya kuliko mwanzo.

Andika kwa siku 14: saa, kilichoanzisha, dakika, ulichofanya. Ukimaliza na bado vilio vinavuka dakika 25 mara kwa mara, mpeleke kwa daktari na karatasi hiyo mkononi. Akianza kujiumiza, kuzimia, au kupoteza maneno aliyokuwa anayajua, usisubiri hizo siku 14.

Mama Wawili
Jumamosi nimeahirisha. Sijafuta, nimeahirisha. Begi bado lipo mlangoni.

Jongoo
Dada, samahani kwa ile ya chai. Begi litoe mlangoni, analiona.

Mama Wawili
Siku ya kwanza. Saa 12:40 asubuhi, soksi, dakika 47. Nilikaa sakafuni, simu sikutoa. Nesi, huku ndiko kupanda kabla ya kushuka, au nimekosea mahali?

Nesi wa Zamu
Ndiko kwenyewe. Kesho mvalishe soksi ukiwa umeigeuza, mshono uwe nje, na uandike tena.