Eti "rudisha sabuni"! Mbele ya foleni nzima, kisa nimeuliza hela ya yatima inakwenda wapi

Mama Wawili
Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata baibui sijavua, mwili wote unatetemeka. Yule mwenye duka wa Sinza mnamjua, yule wa miwani kichwani, anayehudumia wateja kama vile wamekuja kuomba. Simtaji. Aliyewahi kununua hata kiberiti pale anamjua.

Nimechukua sabuni ya maji, dumu la lita tano, lile lile la siku zote. Leo limebandikwa karatasi ya njano, gundi imevujia pembeni, imeandikwa "Ukinunua unamlea yatima". Bei imeongezeka elfu tatu. Nikasema sawa, watoto ni wetu sote, nikabeba kwa roho nyeupe. Kufika kaunta nikauliza kwa adabu zote: dada, hii elfu tatu yote inafika kwa watoto? Kituo gani?

Akanipandisha na kunishusha, kandambili mpaka kilemba. Halafu akapaza sauti mpaka bodaboda wa nje wakageuka: "Mama, kama unawaonea yatima wivu, rudisha sabuni."

Rudisha sabuni! Mimi! Ninayelea watoto wawili wa marehemu mdogo wangu, na sijawahi kuwabandika karatasi ya njano mgongoni nikawaombea hela!

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni. Kituo chenye leseni kina jina, kina mtaa, ustawi wa jamii wanakijua. Sasa jina tu la kituo kuliandika pale kuna ugumu gani? Risiti ya mashine ninayo hapa, imeandikwa sabuni na bei nzima, yatima hayumo hata kwa herufi moja. Hayo ningeyameza. Lakini RUDISHA SABUNI, watu wamejipanga mpaka mlangoni, mtoto wa shule kashika daftari lake ananitolea macho kama nimeiba? Hapana. Ingekuwa nyie mngefanyaje?

Mzaramo Halisi
Pole mama. Kwa hiyo umetukanwa, na sabuni ukalipia?

Kisu cha Buza
"Unawaonea yatima wivu" 😂😂😂 Huyo dada apewe kipaza sauti, anapoteza kipaji dukani.

Mama Wawili
Kisu cheka tu. Mbele ya foleni! Ningeiacha angesema kweli nina wivu. Nimelipa, nimebeba.

Bi Tegeta
Afadhali wewe umepata sabuni. Mimi wananimaliza wale wa kwenye daladala, barua imepigwa laminesheni, muhuri umefifia, kalamu ya mia mbili wanakuuzia elfu moja, ya yatima. Niliomba namba ya mlezi nimpigie, wakashuka Ubungo wakati mwanzo walisema wanakwenda Mbezi.

Konda Mstaafu
Msiwachafue wote. Jirani na kwangu Mbagala kuna kituo, watoto wakubwa wanafundishwa batiki na sabuni, unanunua kwao wenyewe na hela unaiona inapoingia. Na pale Kurasini kuna makao ya watoto ya serikali. Mwenye nia abebe unga wake, maharage yake, aende. Kaunta ya dukani siyo kituo cha yatima.

Mama Wawili
Asante baba. Ndicho nilichouliza, kituo gani. Najibiwa rudisha sabuni!

Mtoto wa Kariakoo
Nyie mnalia na yatima, mimi duka la mtaani kwetu chenji yangu yote ni pipi. Mia pipi, mia mbili pipi. Nikiwapelekea pipi zao ninunue chumvi hawazitaki.

Bi Tegeta
Pipi unakula. Mimi napewa viberiti na kwangu napikia gesi ya kujiwasha.

Kisu cha Buza
Makonda je? Jana asubuhi kanila mia tano, nadai mpaka Mnazi Mmoja, ananiambia "subiri braza nachenji", nashuka bado anachenji.

Konda Mstaafu
Abiria anapanda alfajiri na noti ya elfu kumi, wote gari zima hivyo hivyo, konda atoe wapi chenji, achapishe?

Mama Wawili
Jamani, uzi ni wa sabuni.

Mzaramo Halisi
Mama hilo duka ni upande wa Kijiweni au Mori? Na sabuni yenyewe inatoa povu?

Kisu cha Buza
Konda Mstaafu usikwepe. Mia tano yangu ilikuwa mkononi mwake, nimeiona kwa macho yangu, kaikunja kaiweka kidoleni.

Konda Mstaafu
Gari la njia gani? Mia tano ni sarafu siku hizi, inakunjwaje?

Mtoto wa Kariakoo
Hapo sasa 😂 Kisu jibu.