Vazi la utando wa kombucha linalowaka kwa mapigo ya moyo: utando unapasuka, sensa inaruka

Mshonaji_Dunga

Habari zenu wadau. Tunaandaa onyesho la densi hapa Kisumu, la jioni, uwanja wa wazi karibu na ziwa. Mchezaji atavaa kizibao kilichooteshwa kwa utando wa kombucha (ngozi inayoota juu ya chai iliyochachushwa), na chini ya utando kuna taa ndogo 40 za LED aina ya WS2812B zinazofifia na kuwaka kufuata moyo wake. Mapigo ya kurekodiwa hatuyataki. Maana yote ya kazi hii ni kwamba kitu kilichooteshwa na bakteria kwenye beseni kiendeshwe papo hapo na mwili wa aliyekivaa, na akichoka, nacho kionyeshe.

Utando ukikauka unakuwa mgumu na kupasuka kwenye mishono, na unene wake haulingani: pembeni nene, katikati unaona mkono upande wa pili. Riboni ya shaba niliyoilaza ndani imegeuka kijani. Kuhusu moyo, natumia sensa ya mwanga ya MAX30102 kwenye kidole pamoja na ESP32, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja. Mchezaji akitulia inasoma 75 hadi 80, akianza kucheza inaruka kutoka 40 hadi 200 bila mpangilio. Umeme ni pawabenki ya mAh 10,000. Naomba ushauri wenye vipimo, tafadhali.

Chachu_Kondele

Dada, anza na beseni, mshono utakuja baadaye. Unene usiolingana kwa kawaida ni dalili kwamba beseni limesogezwa au haliko sawa. Bakteria wanaofuma selulosi, Komagataeibacter xylinus, wanahitaji hewa, kwa hiyo wanafuma pale juu maji yanapokutana na hewa. Beseni likitikiswa, tabaka la zamani linazama kidogo na jipya linaanza juu yake bila kushikana nalo. Ukilikausha yanaachana kama chapati iliyokunjwa kwa mafuta mengi. Liweke juu ya meza iliyopimwa kwa pima maji, kisha usiliguse mpaka siku ya kuvuna, hata kwa kuchungulia.

Kwa beseni la sentimita 60 kwa 40, kina cha sentimita 5 ni lita 12. Chemsha lita 3 za maji, tia gramu 50 za majani ya chai nyeusi (ya Nandi au Kericho, ya bei ya chini inatosha), acha dakika 15, chuja, koroga kilo moja ya sukari. Ongeza lita 7 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Joto likishuka chini ya nyuzi 30, mimina lita 2 za kombucha iliyochachuka sana pamoja na utando mama. Karatasi ya kupimia asidi isome 4 au chini ya hapo. Hiki ndicho kipimo cha kushikilia kuliko vyote. Watu hutia kikombe kimoja cha chachu kwenye lita kumi, siku za mwanzo asidi inakuwa hafifu, na ukungu unaingia. Kama chachu haitoshi, ongeza siki nyeupe kidogo kidogo mpaka karatasi ikubali.

Ukungu ni ule wenye manyoya makavu juu ya utando, uwe mweupe, kijani au mweusi. Nyuzi za kahawia zinazoning'inia chini ni hamira, ziache. Ukiona doa moja la manyoya usilikwangue. Mwaga vyote, osha beseni kwa Jik, suuza, anza upya na chachu kutoka chombo kingine. Kufunika, tumia kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana na ukikaze kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Chandarua hakifai, nzi wa matunda watapita na kutaga humo. Kwa joto la Kisumu, wiki mbili hadi tatu zinakupa unene wa sentimita 1 hadi 1.5.

Sasa shaba yako. Kilichoila ni asidi ya siki iliyobaki ndani ya utando. Kusuuza kwa maji peke yake hakuitoi, kwa sababu utando mbichi ni karibu asilimia 98 maji na umeshikilia asidi kila mahali. Nunua magadi ya kupikia pale sokoni Kibuye. Vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya maji, chemsha utando kwa moto mdogo nusu saa, mwaga, rudia mara moja, halafu ulaze kwenye maji safi unayobadilisha asubuhi na jioni mpaka karatasi isome 7. Magadi yanaua bakteria pia, na rangi ya kahawia inapungua, kwa hiyo taa zitapenya vizuri zaidi. Vaa glavu, maji ya magadi ya moto yanababua ngozi.

Kupasuka kunatibiwa kwa gliserini, hiyo hiyo ya kupaka inayouzwa dukani. Mililita 100 kwa lita moja ya maji, laza utando humo saa 24, kisha uutandaze juu ya plaiwudi iliyopigwa msasa, kivulini, na uugeuze kila siku. Ukizidisha gliserini hautakauka kamwe kwa unyevu wa pale ziwani, utanata tu. Uondoe ukiwa bado unakunjika bila kulia.

Mishono iache kadiri unavyoweza. Kata vipande vikiwa vibichi, vipandanishe kwa sentimita 3, sukuma mapovu yatoke kwa mgongo wa kijiko, weka uzito juu. Vikikauka vinashikana vyenyewe bila gundi. Pale lazima kushona, kama mabegani, weka utepe wa pamba chini na utumie hatua ya milimita 4. Mashimo yaliyokaribiana yanachana utando kwa mstari, kama ulivyoona.

Fundi_Waya

Niongezee upande wa sensa. Tatizo lako haliko kwenye programu. Sensa ya mwanga inapima damu inavyojaa na kupungua kwenye kidole, na mkono ukirushwa damu inasukumwa na mwendo kuliko inavyosukumwa na moyo. Hakuna kichujio kitakachotenganisha vitu viwili vyenye kasi moja: hatua za densi ni 2 hivi kwa sekunde, na moyo unaocheza ni 2 hivi kwa sekunde.

Badilisha, pima umeme wa moyo kifuani kwa kibao cha AD8232. Picha ya kwenye kifurushi inaonyesha elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme wa moyo) mbili chini ya mtulinga, kulia na kushoto. Kwa mgonjwa aliyelala ni sawa. Kwa mchezaji densi si sawa, kwa sababu kila akiinua mkono, misuli ya kifua inatoa umeme wake na kufunika ule wa moyo. Zipeleke kwenye mifupa: moja juu ya mfupa wa kidari karibu na koo, ya pili kwenye mbavu za chini kushoto, ya tatu (waya wa RL) mbavu za chini kulia. Nyoa kama kuna nywele, futa kwa spiriti, ngoja ikauke, bandika, halafu funika kila moja kwa plasta ya hospitali kwa sababu jasho litazibandua. Tumia elektrodi mpya zenye jeli. Zilizokauka ndani ya pakiti iliyofunguliwa zinaleta kelele tupu. Sokota waya tatu pamoja, acha kitanzi kidogo karibu na kila elektrodi na ukibandike ngozini ili waya usiivute.

Kibao kinatumia volti 3.3. Peleka ishara yake (waya wa OUTPUT) kwenye pini za ESP32 kati ya 32 na 39. Wi-Fi ikiwa imewashwa, pini za kundi la pili la ADC (kisoma volti cha ESP32) hazisomi kitu, na watu hupoteza siku nzima wakitafuta waya uliokatika. Soma mara 250 kwa sekunde. Usitafute kimo cha wimbi, kinabadilika kila anapopumua. Tafuta mwinuko, yaani tofauti kati ya sampuli moja na nyingine, kwa kuwa ncha ya pigo inapanda ghafla kuliko kitu kingine chochote. Baada ya kukubali pigo, programu izibe masikio kwa milisekunde 300. Kizingiti kijirekebishe kuwa nusu ya wastani wa ncha 8 zilizopita. Kuandikia taa 40 kunachukua milisekunde 1.2 hivi, na nafasi yako kati ya sampuli ni 4, kwa hiyo vyote vinatosha.

Pini za LO+ na LO- ziunganishe pia. Zinakuambia elektrodi imebanduka, na hapo taa zizime polepole. Kazi yenu inadai ukweli huo: bila mwili hakuna mwanga.

Sharti moja halina mjadala. Mtu akiwa na elektrodi mwilini, kifaa chote kiwe cha betri, bila waya wowote kwenda ukutani. Kompyuta iliyochomekwa kwenye chaja isiunganishwe naye hata wakati wa majaribio.

Utando_Nakuru

Nakubaliana na Fundi kwa onyesho hili, ila MAX30102 usiitupe, inafaa kwa watu waliotulia. Mwanga wa kijani unaotumika kwenye sensa nyingi za bei nafuu unamezwa zaidi na melanini, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi wimbi linakuwa dogo. MAX30102 ina taa nyekundu na ya infraredi, zinazopenya zaidi. Programu nyingi za mfano zinaweka nguvu ya taa kwenye namba 0x1F, ambayo ni miliampea 6 hivi. Panda hadi 0x3F au 0x5F, na pima kwenye ncha ya kidole upande wa kiganja au ndewe ya sikio.

Kuhusu kuchagua sehemu ya mwili, Stelarc, msanii wa Australia anayeunganisha mwili wake na mashine, alilitatua zamani. Mkono wake wa tatu wa mashine, wa mwaka 1980, uliendeshwa na umeme wa misuli ya tumbo na miguu, ili mikono yake miwili ibaki huru. Fikiria hivyo hivyo: chanzo cha ishara kiwe mbali na kiungo kinachocheza. Na namuunga Fundi mkono kukaa juu ya ngozi. Sikio alilooteshwa mkononi liliwekewa maikrofoni ndani, ikabidi itolewe kwa sababu ya maambukizi, na alikuwa na madaktari bingwa. Kwa bajeti zetu, chochote kinachopenya ngozi kiachwe.

Taa usizizike ndani ya utando. Zishone kwenye bitana ya pamba inayofungwa kwa vishikizo, ili uweze kurekebisha bila kuchana kitu kilichokuchukua wiki tatu kuotesha. Acha nafasi ya milimita 5 hadi 10 kati ya taa na utando. Hapo nukta zinapotea na selulosi nzima inang'aa. Anayeotesha huku Nakuru ajue usiku wetu ni baridi: chini ya nyuzi 20 kazi inazorota, weka beseni ndani ya kubwa lenye maji vuguvugu.

Mshonaji_Dunga

Asanteni sana. Maswali mawili. Pawabenki inajizima yenyewe taa zikififia kwa muda mrefu, na taa ya kwanza inatoa rangi za ajabu. Pia baada ya densi tungependa watazamaji wavae kizibao kwa zamu. Kuna hatari?

Fundi_Waya

Pawabenki nyingi hukata umeme mzigo ukiwa mdogo, zikidhani simu imejaa. Usiruhusu taa zizime kabisa kati ya pigo na pigo. Acha mwanga wa chini unaoweka mzigo juu ya miliampea 150. Upande wa juu, punguza kwenye programu: WS2812B moja ikiwa nyeupe kamili hula miliampea 60, taa 40 ni ampea 2.4, na waya mwembamba utapata moto.

Rangi za ajabu ni kwa sababu taa za volti 5 zinataka ishara ya angalau volti 3.5, na ESP32 inatoa 3.3. Weka diodi ya 1N4007 kwenye waya wa umeme wa taa peke yake. Inashusha hadi 4.3 hivi, na kiwango kinachotakiwa kinakuwa 3.0. Ongeza rizista ya omu 330 kwenye waya wa data na kapasita ya mikrofaradi 1000 mwanzo wa riboni ya taa. Usijaribu kulisha ESP32 kwa seli moja ya 18650 (betri ya lithiamu) kupitia pini ya volti 5: regyuleta ya AMS1117, kipunguza volti cha bodi, inameza volti moja na ushee, na bodi itajiwasha na kujizima.

Chachu_Kondele

Kuhusu watazamaji, tumia sensa ya kidole badala ya elektrodi, na upanguse kwa spiriti kati ya mtu na mtu. Mwenye kifaa cha moyo mwilini asivae. Mwanga ufifie taratibu, usipige kama kamera, kwa ajili ya wenye kifafa. Mapigo yasihifadhiwe popote: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Yatumike papo hapo na yafutike, na kibandiko kiseme hivyo kabla mtu hajavaa. Chachu yenyewe haina shida ya vibali vya usalama wa viumbe, kwa kuwa hakuna jeni iliyobadilishwa.

Jasho na manyunyu yatavimbisha utando. Pasha nta ya nyuki sehemu 1 na mafuta ya nazi sehemu 3, sugua kwa kitambaa pande zote mbili; inachelewesha maji, haiyazuii, kwa hiyo mvua ikianza vazi lifunikwe. Na kwa sababu mko karibu na ziwa, chagua rangi ya kaharabu au nyekundu. Nyeupe na buluu zitaita wadudu wa ziwani, na wakitua kwenye nta hawatoki.