Kidato cha tano HKL au cheti cha uchoraji? Nipo Dodoma, naomba ushauri

Kijana wa Nkuhungu

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri. Nimemaliza kidato cha nne, daraja la tatu, C za Historia, Kiswahili na English, yaliyobaki mengi ni D. Nimepangiwa kidato cha tano HKL (Historia, Kiswahili na English), shule iko nje ya mkoa, na zimebaki wiki tatu za kuripoti.

Shida ni kwamba mimi nachora. Shuleni kwetu somo la Sanaa za Ufundi halikuwepo, kwa hiyo sina alama yoyote ya kumwonyesha mtu. Baba anataka niache yote niende chuo cha ufundi stadi, VETA, kusomea umeme, anasema mji unajengwa na fundi umeme halali njaa. Mama anauza mlenda na nyanya soko la Majengo, yeye anasema nifuate ninachokiweza ila niwe na uhakika. Nimesikia chuo cha sanaa cha Bagamoyo wanapokea waliomaliza form four. Je, ambaye hakusoma Sanaa shuleni anapokelewa? Na nikienda kusoma cheti, ndiyo basi tena chuo kikuu?

Fundi Mabango Majengo

Marahaba mdogo wangu. Swali hili nilitembea nalo miaka minne, kwa hiyo nivumilie.

Nilimaliza form four 2007. Mwaka uliofuata nikajishikiza kwa mzee mmoja aliyekuwa akiandika kuta za mabucha na maduka hapa Majengo. Miezi mitatu ya kwanza sikugusa brashi. Nilipiga msasa, nilikoroga rangi ya mafuta na tina, nilishika ncha ya pili ya uzi. Ule uzi aliupaka unga wa chaki, tunauvuta ukutani mpaka unakaza, anaunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia, tap, mstari mweupe umenyooka ukuta mzima. Kati ya mistari miwili ya namna hiyo ndipo herufi zinakaa. S aliianzia katikati, pale inapojipinda, siyo juu kama tulivyofundishwa darasani. Mpaka leo naiandika hivyo.

Nikataka zaidi ya herufi. Mwaka 2009 babu aliuza mbuzi sita mnadani Msalato, nikaenda chuo kimoja cha sanaa ambacho sitakitaja. Mwaka mzima. Nikapewa cheti chenye mhuri. Nilipokipeleka kuombea diploma nikaambiwa hakitambuliki, chuo hakina usajili. Babu amefariki sijamwambia. Nakuomba sana, kabla hujatoa hata shilingi moja, ingia tovuti ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo, enzi zetu likiitwa NACTE, utafute jina la chuo na jina la kozi. Vyote viwili, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi unayoitaka isiwemo.

Bagamoyo, nilikokwenda baadaye, ni taasisi ya serikali, TaSUBa. Ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, na marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki, Mgogo wetu, alifundisha pale. Kwa utaratibu wa kawaida cheti cha ngazi ya nne kinataka ufaulu wa masomo manne ya form four, ya dini hayahesabiwi, na D inakubalika. Mimi sikusoma Sanaa shuleni, na darasani kwetu wengi hawakuisoma. Mlango wa chuo kikuu haufungi: unapanda kutoka cheti mpaka diploma, kama miaka mitatu yote kwa jumla, na diploma yenye GPA ya 3.0 unaombea shahada.

Kitakachokubeba ni kazi zako. Nilifika Bagamoyo na daftari limejaa wachezaji wa mpira niliowanakili magazetini. Mwalimu akalifungua, akalifunga, akaniwekea kibuyu mezani karibu na dirisha. Nikakichora ninavyokijua, duara chini, shingo juu. Akasema angalia tena. Ilikuwa saa ya tatu nipo palepale ndipo nikaona upande wa kivuli hauwi mweusi mpaka mwisho. Pembeni kabisa kuna utepe mwembamba wa mwanga unaorudi kutoka mezani. Nimechota maji kwa vibuyu tangu utoto na sikuwahi kuuona.

Kwa hiyo anza leo na meza ya mama yako. Chora vidole vyake vinapofunga mafungu ya mlenda, chora nyanya zilivyopangwa. Usitumie picha ya simu, kaa pale uchore. Ukipata nauli nenda Kolo, kule Kondoa, kama kilometa 180 kutoka hapa mjini. Michoro ile ya miambani imeingia urithi wa dunia mwaka 2006. Angalia yule twiga alivyotoshelezwa na rangi moja tu nyekundu. Watu wanatoka Ulaya kuiona, na sisi tunaipita na basi la Arusha tumelala.

Mimi nasema nenda cheti.

Dada wa Chimwaga

Fundi ameeleza vizuri ila hapo mwisho napingana naye. Mdogo wangu, hesabu hela kwanza. Ada ya form five na six serikali iliifuta mwaka 2022/23. Cheti utalipia ada, chumba na chakula kwenye mji ambao huna ndugu, na mama ndiye atakayebeba. Ukimaliza form six na ufaulu wa masomo mawili makuu, pointi zisizopungua 4, unaomba shahada pamoja na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, hapahapa Chimwaga kuna shahada ya sanaa za ufundi na usanifu, na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pia sanaa inafundishwa. Mwaka ukifika soma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huo, maana kila kozi inataja masomo inayoyataka.

Mimi nilipitia HKL. Nitakuwa mkweli, wiki za kwanza chuoni niliumia. Wenzangu waliotoka diploma walichora mwili wa mtu bila kufuta, mimi natoboa karatasi kwa ufutio. Lakini ilipokuja insha ya historia ya sanaa, walikuja chumbani kwangu usiku na madaftari yao. Ningekuwa dada yako ningekununulia penseli za 2B, 4B na 6B, nikakupeleka bweni ukachore kila Jumapili.

Fundi Mabango Majengo

Dada, kwenye hela sina ubishi, umenizidi. Hofu yangu ni ile miaka miwili. Nimewaona vijana wazuri wakienda bweni wanachora, wakarudi hawachori. Kama atashika hiyo Jumapili kweli, basi njia yako ni nafuu kwa mama yake.

Mama Wawili

Mwanangu, mimi ni mzazi, nakuongezea moja tu. Usimpinge baba kwa VETA, muulize VETA ipi. Kuna fani ya upakaji rangi na uandishi wa maandishi, ingawa si kila chuo chao kinayo. Nendeni wawili pale ofisini kwao mkaulize. Baba akiona ni ufundi wenye cheti na kipato, atakusikiliza na hayo mengine. Wanangu nimewasomesha kwa kwenda nao mguu kwa mguu.

Kijana wa Nkuhungu

Asanteni sana, Mungu awabariki. Jana usiku baba aliomba simu asome majibu yenu. Alipofika kwenye mbuzi sita alinyamaza muda mrefu, akaniambia nimfungulie hiyo tovuti ya NACTVET. Tumeangalia pamoja. Bado hajasema ndiyo, ila Jumatatu tunakwenda VETA wote, na amesema fomu ya HKL nisiichane.

Halafu akaniambia nimchore. Nimemchora anaziba pancha ya baiskeli uani. Ameangalia, akasema mkono wa kushoto siyo wake, yeye kidole gumba kilivunjika na kimepinda. Ni kweli, nilichora gumba la mtu yeyote. Nimeurudia mkono mara nne, wa nne ameuchukua ameuweka kwenye Biblia yake.

Fundi, kama utaniruhusu, Jumamosi asubuhi nakuja hapo Majengo. Ule uzi naweza kuushika.

Fundi Mabango Majengo

Njoo saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, nina ukuta wa duka la mbegu. Vaa nguo ya kazi. Na huo mkono wa baba, mwombe akuazime siku moja niuone.